Miguu Ndani ya Miguu

Pale kwenye karakana ya miguu ya bandia walimwita Bi Mabano, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Mhasibu wa hospitali alimkuta siku moja akiigombeza kompyuta: "Nimefungua mabano matano, nimefunga manne. La tano umelipeleka wapi?" Mhasibu akatoka kimyakimya, akaenda kutangaza kwenye chumba cha chai kwamba yule mama wa mitambo kaibiwa bano lake, na asipolipata leo hakuna atakayepona. Kabla vikombe havijaoshwa, jina lilikuwa limeshaganda kama plasta. Yeye hakulichukia. Alishaitwa mabaya zaidi ya hayo, na C, lugha ya kompyuta ambayo ndiyo aliyokuwa akiiandika, inajali mabano kuliko mama mkwe anavyojali salamu.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi. Zamani kilikuwa stoo ya plasta, na unga mweupe ulikuwa bado umejificha kwenye nyufa za dirisha na katikati ya vitufe vya kibodi, hata akiandika kwa hasira unaruka kama vumbi la chaki. Kulikuwa na feni iliyozunguka bila kupooza kitu. Kulikuwa na kiti kimoja cha mgeni, na juu ya kiti hicho daima kulikuwa na mguu wa mtu fulani uliomsubiri mwenyewe, kwa hiyo wageni walisimama.

Kazi yake ilikuwa kuifanya mashine ya kuchonga isife. Mgonjwa akija, gutu lake, yaani kipande cha mguu kilichobaki, lilipigwa picha na kifaa cha kupima umbo. Umbo likahifadhiwa kwenye kompyuta. Mashine ikalichonga kwa sifongo gumu. Na juu ya sifongo hilo Fundi, mtengeneza miguu wa karakana ile, akatengeneza kikombe, yaani ile sehemu ya juu ambamo gutu linaingia. Fundi alipenda kusema kwamba mguu unaweza kuwa na goti la kifalme na unyayo wa malaika, lakini kikombe kikikosea, vyote hivyo ni kuni.

Mashine ya kuchonga ilikuwa na kiburi chake. Haikupokea mafaili yakiwa moja moja. Ilitaka yafungwe pamoja kwa namna yake yenyewe, na kampuni iliyojua namna hiyo ilikuwa imeshafunga milango. Bi Mabano akakaa akaandika programu ya kufunga, akaiita Furushi. Ukitaka kueleza kazi ya Furushi, hata mtoto anaelewa. Inaingia kwenye folda na kuangalia kilichomo. Ikikuta folda nyingine ndani, inajiita yenyewe upya na kuingia humo. Humo ikikuta nyingine, inajiita tena, mpaka ifike chini kabisa pasipo na mlango. Hapo inaokota mafaili, inarudi juu hatua moja, inaokota ya pale, inarudi tena. Watu wa fani husema programu inautembea mti. Ni mti uliopinduliwa, shina liko juu na majani yako chini, lakini ni mti.

Sasa, mti huo aliupanda Fundi, na Fundi alikuwa na desturi yake. Mgonjwa akipata mguu mpya, Fundi alifungua folda mpya, kisha ile ya mguu wa zamani akaiburuta na kuitumbukiza ndani ya hiyo mpya.

"Mguu mkubwa humeza mdogo," alisema alipoulizwa. "Mtu anakua hivyo. Wewe utoto wako umeutupa? Si umo humo humo ndani yako?"

"Fundi, kompyuta haijui falsafa."

"Basi ifundishe. Si ndiyo kazi yako?"

Na majina! Wengine huandika "mguu" na tarehe, wakaishia hapo. Fundi aliandika folda kama mtu anayempa jirani habari kwenye uzio: "mguu wa kulia baada ya kunenepa kidogo halafu analalamika goti linalia akipanda ngazi na mumewe amesikia". Ndani ya hiyo kuna nyingine ya urefu huo, na ndani ya hiyo nyingine. Kwa mgonjwa aliyeanza kuja ukubwani haikuwa shida kubwa. Lakini mtu aliyeanza kuja akiwa mtoto, anayebadilishiwa mguu kila anaporefuka, alikuwa na miguu ndani ya miguu ndani ya miguu, na chini kabisa ya yote kuna kimguu cha urefu wa mwiko.

Mmoja wa watu hao alikuwa Kitinda, mdogo wake Bi Mabano, kitindamimba wa mama yao. Lori lilimwondolea mguu kabla hajajua kusoma. Sasa alikuwa mama wa mtoto mmoja na msusi mwenye kiti chake katika saluni ya mtaani, kazi ya kusimama tangu wateja wanapoanza kuingia hadi wanapokwisha. Alikuwa na mdomo mkali na vidole vyepesi, na watu walimfuata kwa vyote viwili.

Alipobeba mimba, mwili wake ulivimba, gutu nalo likavimba. Fundi akamtengenezea kikombe kikubwa, kisha kingine baada ya kujifungua. Mwili uliporudi chini, vikombe hivyo vikaanza kumla. Kwanza wekundu, kisha lengelenge, kisha kidonda kisichotaka kufunga. Alisuka akiwa amekaa kwenye stuli ndefu, na wateja waliotaka misuko midogo ya kuzunguka kichwa chote wakaanza kuhamia kiti cha pili, kwa yule binti mwenye miguu miwili na vidole vizito.

"Kinachomfaa ni kile cha kabla ya mimba," alisema Fundi. "Cha tatu ukihesabu kutoka juu. Kupima upya siwezi, gutu lina kidonda na uvimbe, nitapima ugonjwa badala ya mguu. Na hata lingekuwa zima, kile kikombe hakikupimwa, dada. Kile kilibembelezwa."

Ilikuwa kweli. Fundi alikipiga tupa miezi na miezi, leo unywele hapa, wiki ijayo unywele pale, mpaka siku Kitinda aliposema, "Sikisikii tena," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa deni limefutwa. Ndipo Fundi akakipiga picha kwa ndani na kuhifadhi umbo lake. Kikombe chenyewe kilikuja kupasuka Kitinda alipoteleza kwenye sakafu ya saluni yenye maji, wakakitupa bila huzuni. Umbo si lipo kwenye mashine?

Fundi akaenda kulitafuta kwenye kompyuta mpya, ile iliyokuja walipohamia jengo hili. Baada ya muda mfupi sauti yake ikasikika ukumbi mzima.

"Bi Mabano! Njoo uone maajabu. Mdogo wako ana mguu mmoja!"

"Hilo tunalijua tangu utoto."

"Kwenye mashine, dada! Kwenye mashine ana mguu mmoja! Mingine imekwenda wapi?"

Alikwenda akaangalia. Folda moja, faili moja, mguu wa mwisho, ule unaouma. Akafungua ya mgonjwa mwingine wa siku nyingi, mwashi mmoja aliyemfahamu. Mguu mmoja. Akafungua ya tatu. Mguu mmoja.

Hakuhitaji kutafuta sana. Wakati wa kuhama, mafaili yote yalifungwa na Furushi kule kwenye kompyuta ya zamani na kufunguliwa huku. Ndani ya Furushi kulikuwa na kisanduku cha kubebea njia, yaani majina yote ya folda kuanzia shinani mpaka pale programu ilipo, yakifuatana kama shanga. Kisanduku kilikuwa na nafasi ya herufi mia. Nani ana njia inayozidi herufi mia? Fundi. Jina lake moja tu lilitosha kukijaza. Furushi ilipofika hapo haikulalamika wala haikusimama. Ilikata mkia uliozidi ikaendelea na safari. Miguu yote ya mtu mmoja ikapewa jina lilelile lililokatwa, na ilipofunguliwa kwenye kompyuta mpya kila mguu ulikaa juu ya mwenzake na kumfuta, mpaka ukabaki ule ulioingia furushini mwisho. Na kwa kuwa Furushi huanza chini na kumalizia juu, ulioingia mwisho ulikuwa mguu mpya kuliko yote, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Kila siku walitafuta mpya, kila siku waliukuta.

"Majina yako, Fundi," alisema Bi Mabano. "Majina yako haya kama hotuba ya harusi!"

"Majina yangu yamekaa miaka kwenye mashine ya zamani bila kugombana na mtu. Aliyeyakata ni nani?"

Bi Mabano alichukua kibeti chake akaenda kwenye jengo la zamani.

Kompyuta ya zamani ilikuwa stoo, chini ya vitanda vilivyovunjika. Mtunza stoo alikuwa mzee mwenye funguo nyingi kuliko milango.

"Umekuja na karatasi?"

"Karatasi ya nini, baba? Mashine ni yetu."

"Ilikuwa yenu. Ikishaingia humu, ni ya stoo."

"Sitaki kuichukua. Nataka kuiwasha tu."

"Kuiwasha ni kuitumia. Na kuitumia ni kuitoa, hata kama haijatoka." Mzee akayaonja maneno yake, yakampendeza. "Hili linahitaji nikae nifikirie."

"Basi wewe kaa ufikirie, mimi nawasha."

Iliwaka. Lakini diski yake ilitoa sauti ya mtu anayesaga meno usingizini, na Bi Mabano aliijua sauti hiyo. Unyevu wa stoo ulikuwa umeshafanya kazi yake. Hii diski haikuwa na maisha, ilikuwa na siku za kuaga tu. Na ndani yake, mahali fulani chini ya jina refu la kipuuzi, kulikuwa na kikombe ambacho kingemrudisha mdogo wake kwenye miguu yake.

Alivuta kitanda kisicho na chaga akakaa kwenye ukingo wake, akapakata kompyuta yake ndogo, akaiunganisha na ile ya zamani, akaifungua Furushi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la mtu mwenye haraka: akakikuza kisanduku, nafasi mia zikawa maelfu. Akaituma Furushi. Ikaingia, ikashuka, ikashuka tena, kisha mfumo wa kompyuta ile kuukuu ukakataa: njia ni ndefu mno. Kumbe nao ulikuwa na kisanduku chake, na hicho yeye hakuwa na uwezo wa kukikuza. Fundi aliweza kuziburuta folda zake humo miaka yote kwa sababu aliburuta moja tu kwa wakati mmoja. Hakuwahi kuuliza njia nzima kwa pumzi moja.

Alipiga ngumi kwenye fremu ya kitanda. Mtunza stoo akachungulia. "Hicho kitanda nacho ni cha stoo," alisema.

Jaribio la pili alilifikiria. Mtu anayetafuta chumba cha ndani hana haja ya kutaja kila mlango wa nyumba kabla hajanyanyua mguu. Afungue mlango ulio mbele yake, aingie, afungue unaofuata. Akaiandika upya sehemu ya kutembea: Furushi isibebe njia tena, iingie folda moja, isimame humo, itazame kutoka hapo. Na majina marefu asiyatie furushini kabisa. Kila folda ipewe namba, na pembeni yake namba ya folda iliyoizaa. Ukiwa na hizo mbili unaweza kuupanda mti upya kokote utakako. Ilimchukua siku nzima. Mabano yalifunguliwa, yakafungwa. Siku iliyofuata, alipoituma, ilishuka vizuri kuliko alivyotegemea, ikapita pale ilipokwama mwanzo, akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya vitanda vibovu.

Kisha ikasimama. Diski ilisaga, ikasaga, ikasaga. Hakuna kilichosogea kwenye kioo. Alisubiri mpaka mtunza stoo akaja kufunga. Ikabidi aizime kwa nguvu, na asubuhi alipoiwasha ilichukua muda mrefu zaidi kuamka, na sauti ilikuwa imebadilika.

Akaituma tena. Ikakwama palepale. Ndipo alipoangalia palepale ni wapi. Furushi ilikuwa imezama kwenye folda za mgonjwa mmoja mpaka kwenye mguu wake wa utotoni, faili la zamani kuliko karibu yote, lililoandikwa kwenye sehemu ya diski iliyooza kwanza. Akainamisha kichwa. Programu yake ilikuwa inafanya kama alivyoifundisha: chini kabisa kwanza. Ilikuwa inaiua diski ikihangaikia vimiguu ambavyo hakuna mtu duniani atakayevivaa tena, na huku ile inayohitajika, ya pili na ya tatu kutoka juu, inasubiri zamu.

Fundi alimkuta hapo akiwa amejishika kichwa. Alikuwa amekuja na chupa ya chai kama mtu anayeomba radhi bila kutaka kusema.

"Imekataa?"

"Inaanzia chini. Lazima nigeuze ianzie juu."

"Basi geuza. Au achana na mti. Nenda moja kwa moja kwa mdogo wako, folda ya tatu, chukua, funga. Wengine wafuate."

Bi Mabano alikuwa ameshaiandika njia hiyo. Ilikuwa mbele yake kwenye kioo, namba ya Kitinda na hatua tatu za kushuka. Kilichobaki ni kubonyeza.

Simu ikalia. Kitinda mwenyewe.

"Dada, umefika wapi na huo mguu wangu? Nipitishe basi mlango wa nyuma, mimi si mtu wenu?" Alikuwa anacheka, na nyuma yake kulisikika mashine ya kukaushia nywele.

Mlango wa nyuma. Bi Mabano alikuwa bado msichana, mama yao amempakata Kitinda, wamekaa kwenye benchi la hospitali hii hii tangu alfajiri. Kila walipokaribia mlango, nesi alitoka kwa upande mwingine na mtu aliyevaa vizuri, mtu wa fulani, shemeji wa fulani, akamwingiza. Mama alisogea tu kwenye benchi, akarudi alipokuwa, kama maji. Siku hiyo walirudi nyumbani bila kuonwa.

"Nakuja nao," alimwambia Kitinda, akakata simu. Kisha akaifuta ile njia kwenye kioo, herufi baada ya herufi.

"Unafanya nini?" Fundi aliuliza.

"Nawapanga foleni. Ichukue mguu wa pili wa kila mmoja, ikimaliza wote irudi ichukue wa tatu wa kila mmoja. Halafu wa nne. Hakuna wa kuzamiwa peke yake."

"Na mdogo wako ni wa ngapi kwenye hiyo foleni?"

"Sijui. Diski ndiyo inayotoa majina, na inayatoa inavyotaka. Haifuati alfabeti wala umri. Labda ni wa kwanza."

"Labda! Mwanamke, faili moja! Kufumba na kufumbua!"

"Kila mmoja wao ni faili moja, Fundi. Yule mwashi naye ana dada."

"Huo si uadilifu," Fundi alisema, akaiweka chupa ya chai chini kwa nguvu. "Huo ni ukaidi uliovaa kanzu ya uadilifu."

Bi Mabano mwenyewe hakuwa na hakika. Alijua jambo moja ambalo Fundi hakulijua, na halikumsaidia: kwenda kwa foleni kunaichosha diski zaidi. Kichwa chake kinaruka kwa huyu, kinaruka kwa yule, hakitulii mahali. Lakini alipiga hesabu kichwani. Matabaka mawili. Itahimili matabaka mawili. Aliamini hivyo, au alitaka kuamini, na kwa mtu aliyechoka hayo mawili yanafanana kama mapacha.

Aliituma mchana wa siku ya pili yake. Tabaka la pili likapita lote. Namba zilitiririka kwenye kioo, na kila moja ilikuwa mtu. Ya Kitinda nayo ilipita, ule mguu wa wakati wa mimba, ambao haukuwa wa kumsaidia. Fundi alisimama nyuma yake. Hata mtunza stoo alikuja akasimama, akauliza kama hizo namba ni za bahati nasibu.

Tabaka la tatu likaanza. Diski ilikuwa inasaga, inanyamaza, inasaga. Ya mwashi ikapita. Ikapita ya mwalimu mstaafu, ya yule mama muuza vitambaa, na ya wengine asiowajua. Bi Mabano alikuwa amekishika kiganja cha mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Kisha kukasikika mlio mdogo, kama mtu aliyekata kucha, na baada yake kimya. Si kimya cha kupumzika. Namba ya mwisho ilibaki kwenye kioo na haikuwa ya Kitinda.

Aliizima, akaiwasha. Kimya. Akaizima, akasubiri, akaiwasha. Fundi akamgusa begani, naye akaufukuza mkono huo kana kwamba ni nzi.

"Hata foleni," alisema kwa meno yaliyobana. "Hata foleni nayo!"

Saluni ilikuwa imejaa alipofika. Kitinda alikuwa kwenye stuli yake ndefu, kichwa cha mteja kimeegemea tumboni mwake, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima kama aliyeona jini. Mguu wa bandia ulikuwa umevuliwa, umeegemezwa ukutani kati ya ndoo na ufagio. Aliitazama sura ya dada yake mara moja tu.

"Haupo," alisema.

"Diski imekufa."

"Wote wamekosa?"

Angeweza kusema ndiyo. "Wengi wamepata. Ilikufa kabla ya kufika kwako."

Vidole vya Kitinda havikusimama. Vilichukua fungu, vikagawa, vikapitisha. "Fundi amenipigia. Kasema ungeweza kuanza na mimi."

"Ningeweza."

"Kasema uliandika, ukafuta."

Mteja aliinua macho kutazama juu, akaona si pa kutazama, akayarudisha kwenye magoti yake.

"Nilikumbuka lile benchi," Bi Mabano alisema. "Mama alivyokuwa anasogezwa."

"Mimi silikumbuki hilo benchi. Nilikuwa nimelala." Alivuta uzi, mteja akasema aah. "Samahani, mama. Dada, wewe ulikumbuka uchungu wa mama, wa kwangu ukausahau, na mimi ndiye niliye hai. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Basi nimelila. Limeiva kweli kweli."

"Kitinda..."

"Nenda, nina kichwa cha watu hapa. Hiki nacho nimekianza, lazima nikimalize."

Mama yao alipopiga simu kuuliza, kila mmoja alisema mwenzake ana kazi nyingi. Fundi alichukua umbo la mguu wa pili, akalipunguza kwa macho na kumbukumbu, mashine ikalichonga, na kidonda kilipofunga akamwita Kitinda waanze upya: unywele hapa, unywele pale. Itachukua miezi, alisema. Inaweza isifike kule ilikofika mara ya kwanza.

Siku ya kujaribu mara ya tatu Bi Mabano alimkuta Kitinda kwenye benchi la karakana, magongo yamelala mapajani. Alikaa pembeni yake bila kuulizwa. Hakufukuzwa.

Mwashi alikuwa anatembea mbele yao na mguu wake mpya, anakwenda mpaka kwenye dirisha na kurudi, anageuka kwa mbwembwe kama mtu anayeonyesha suti.

"Kimekukaa," Kitinda alimwambia. "Hakiumi?"

"Kama soksi, mama! Fundi kanirudishia kile changu cha zamani. Nilikuwa nimeshakata tamaa, leo nimepanda jukwaa la ujenzi bila kushikwa."

"Hongera."

Mwashi akaenda zake dirishani. Kitinda alimfuata kwa macho, akitazama mguu unavyotua, kisigino kisha kidole, bila kuchechemea hata kidogo.

"Huyu alipita kabla yangu?"

"Ndiyo."

"Mbali?"

"Sijui. Siwezi kujua."

Kitinda alitikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kukataa. Ndani Fundi akaita, "Anayefuata!" Bi Mabano akanyoosha mkono kumwinua, ukabaki hewani, Kitinda alishaegemea magongo yake na kusimama. Mlangoni aligeuka.

"Unaingia au unabaki? Amua, mlango unaingiza nzi."

Akaingia. Fundi alimvisha kikombe, akamwambia aweke uzito taratibu. Kitinda aliweka. Midomo ikakaza.

"Hapa?" Fundi aliuliza, akigusa kwa kidole.

"Hapo."

Akakivua, akapiga tupa, unga mweupe ukamwagika kwenye viatu vya Bi Mabano. Akamvisha tena.

"Na hapa?"

"Hapo pia," alisema Kitinda.